Fungu Lililopangwa Kabla ya Hesabu: Watu wa Visiwa vya Marshall na Fidia ya Mabomu



Juma hili napenda tusafiri kwa mawazo hadi katikati ya Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Australia, viliko Visiwa vya Marshall. Ni nchi ndogo yenye atoli 29, yaani mikufu ya visiwa vyembamba vya matumbawe inayozunguka maji tulivu ya bahari, pamoja na visiwa vingine vitano vinavyosimama peke yake. Huenda wengi wetu hatujawahi kulisikia jina la nchi hiyo. Lakini jina la mojawapo ya atoli zake, Bikini, tunalijua, kwa sababu ya vazi la kuogelea lililotangazwa Paris mwezi Julai 1946, siku chache tu baada ya bomu la atomiki kulipuliwa huko. Jina likaenea duniani kote, na wenye kisiwa wakasahauliwa.

Nimewachagua watu hao kwa sababu historia yao inatuuliza swali moja linalotuhusu sote: mtu anapodhulumiwa ardhi yake na afya yake, ni nani apige hesabu ya hasara hiyo, na aipige lini?

DOMINIKA ILE YA FEBRUARI

Tarehe 10 Februari 1946 ilikuwa siku ya Dominika. Watu wa Bikini walikuwa wametoka kusali, kwa maana Injili ilikuwa imefika visiwani humo tangu karne ya 19 kwa kazi ya wamisionari wa Kiprotestanti, nao walikuwa wameipokea kwa moyo. Afisa wa jeshi la majini la Marekani, Ben Wyatt, aliyekuwa gavana wa kijeshi wa visiwa hivyo, akawakusanya. Akawafananisha na wana wa Israeli, waliookolewa na Bwana kutoka mikononi mwa adui zao na kuongozwa hadi Nchi ya Ahadi. Kisha akawaomba wakitoe kisiwa chao kwa muda, ili mabomu yajaribiwe hapo kwa faida ya wanadamu wote na kwa ajili ya kukomesha vita vyote duniani.

Juda, kiongozi wao, alijibu kwamba wangeondoka wakiamini kuwa mambo yote yamo mikononi mwa Mungu. Mwezi Machi mwaka huohuo watu 167 walipakiwa melini pamoja na vyombo vyao.

Tutafakari hapo kidogo. Neno la Mungu lilitumiwa kuwaondoa watu wanyofu katika nchi yao wenyewe. Waisraeli walitoka utumwani kwenda kwenye nchi ya maziwa na asali. Watu wa Bikini walitoka kwenye nchi yao kwenda Rongerik, atoli ndogo isiyokuwa na wakazi, ambayo minazi yake haikuwatosha, na baadhi ya samaki wake walikuwa na sumu. Kufikia mwaka 1948 walikuwa wamedhoofika kwa njaa. Wakahamishiwa Kwajalein, wakakaa kwenye mahema kando ya uwanja wa ndege, na mwishowe wakapelekwa Kili, kisiwa kimoja kinachopigwa na mawimbi pande zote, kisicho na maji tulivu ya kuvulia samaki. Wavuvi hodari wakageuka watu wa kungoja chakula cha msaada. Wale walioambiwa kwamba wanaondoka kwa muda, wajukuu wao hadi leo hawajarudi kuishi Bikini kwa kudumu.

NCHI ILIYOWEKWA CHINI YA UDHAMINI

Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa uliikabidhi Marekani visiwa hivyo viwe chini ya udhamini wake. Sisi wa Tanganyika tunalifahamu jambo hilo, kwa maana nchi yetu nayo ilikuwa chini ya udhamini huohuo, mikononi mwa Uingereza, hadi tulipojitawala mwaka 1961. Mdhamini si mmiliki. Katika mkataba wa udhamini wa Visiwa vya Marshall, Marekani iliahidi kuwalinda wenyeji wasipoteze ardhi na mali zao, na kuilinda afya yao.

Hata hivyo, kati ya mwaka 1946 na 1958 mabomu 67 ya nyuklia yalilipuliwa Bikini, Enewetak na katika maeneo ya jirani. Nguvu yake kwa jumla ilifikia megatoni 108, yaani zaidi ya mara 7,000 ya bomu lililoangushwa Hiroshima.

Kubwa kuliko yote lilikuwa bomu lililopewa jina la Bravo, lililolipuliwa Bikini alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954. Nguvu yake ilikuwa megatoni 15, zaidi ya maradufu ya wanasayansi walivyotarajia. Upepo ukaelekea mashariki, kwenye visiwa vyenye watu. Huko Rongelap, zaidi ya kilomita 150 kutoka Bikini, unga mweupe ulianza kudondoka kutoka angani. Lilikuwa tumbawe lililosagwa na mlipuko na kujaa mionzi. Watoto waliuchezea. Uliingia katika maji ya kunywa, ukatanda juu ya vyakula na kushikamana na nywele zilizopakwa mafuta ya nazi. Jioni watu wakaanza kutapika na kuwashwa mwili. Baadaye ngozi zikaungua na nywele zikanyonyoka.

Walikuwapo watu 64 Rongelap, wengine 18 waliokuwa wamekwenda Ailinginae, na zaidi ya 150 kule Utrik. Wanajeshi 28 wa Marekani waliokuwa wakipima hali ya hewa Rongerik waliondolewa kwanza. Watu wa Rongelap walingoja siku mbili, na wale wa Utrik wakangoja zaidi. Walipofikishwa Kwajalein walipimwa na kutibiwa, lakini wakati huohuo wakaingizwa, bila kuulizwa ridhaa yao, katika utafiti wa siri wa kuchunguza jinsi mionzi inavyouathiri mwili wa binadamu. Mwaka 1957 watu wa Rongelap waliambiwa kisiwa chao ni salama, wakarudishwa, na uchunguzi ukaendelea. Kuanzia mwaka 1963 uvimbe wa tezi ya shingo ulianza kuonekana kati yao, hasa kwa wale waliokuwa watoto siku ile ya unga mweupe. John Anjain, aliyekuwa kiongozi wa kijiji cha Rongelap, alimpoteza mwanawe kwa saratani ya damu mwaka 1972. Kijana huyo alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati Bravo lilipolipuliwa.

BARUA KWA BARAZA LA UDHAMINI

Watu wa Marshall hawakunyamaza. Tarehe 20 Aprili 1954, wiki chache tu baada ya Bravo, viongozi na wananchi wao waliandika ombi kwa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Waliomba majaribio hayo yakomeshwe; na kama hayawezi kukoma, basi watu walindwe, na waliohamishwa walipwe fidia kwa haki. Walieleza kwamba kwao ardhi si tu mahali pa kujengea nyumba na kupandia chakula, bali ni uhai wenyewe wa watu.

Wazee wetu wa Meru wangeielewa barua hiyo bila mkalimani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea. Tena mwezi Machi 1955, chini ya mwaka mmoja baada ya ombi la Marshall, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini kuisemea Tanganyika. Tulipeleka malalamiko yetu katika ukumbi mmoja na watu hao, ingawa hatukujuana. Sisi tulisikilizwa taratibu, hatimaye tukapata uhuru. Wao walijibiwa kwa maneno ya upole, na majaribio yakaendelea kwa miaka minne mingine.

MALIPO YALIVYOANZA

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha tafakari yetu. Si kweli kwamba Marekani haikulipa kitu. Ililipa, tena mara nyingi. Shida ni namna ilivyolipa.

Mwaka 1956 watu wa Bikini walipewa dola 25,000 taslimu, kwa noti za dola moja moja, pamoja na mfuko wa amana wa dola 300,000 ambao faida yake, ikigawanywa, ilimpatia kila mtu dola 15 hivi kwa mwaka. Kwa malipo hayo waliweka sahihi kwamba Marekani ina haki ya kuitumia Bikini. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliidhinisha dola 950,000 kwa ajili ya watu wa Rongelap, kiasi cha dola 11,000 kwa kila mmoja. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu Bravo. Linganisheni na Japani: mashua ya wavuvi 23 wa Kijapani ilifikiwa na vumbi la bomu hilohilo, mmoja wao akafariki mwezi Septemba 1954, na kufikia Januari 1955 Marekani ilikuwa imekubali kuilipa Japani dola milioni 2. Japani ilikuwa na serikali yake ya kuitetea. Watu wa Marshall walikuwa na mdhamini tu, na mdhamini huyo ndiye aliyekuwa mdaiwa.

Watu wa Bikini waliambiwa mwaka 1968 kwamba wanaweza kurudi. Baadhi yao wakarudi, wakala nazi na mazao ya ardhi ile, na mwaka 1978 wakaondolewa tena, kwa sababu miili yao ilikuwa imekusanya mionzi kupita kiasi. Watu wa Rongelap, kwa kukosa imani na waliyokuwa wakiambiwa, waliomba wenyewe kuondoka mwaka 1985, wakahamishwa kwa meli ya shirika la Greenpeace.

Ndipo ukaja mkataba wa uhuru, ulioanza kutumika mwezi Oktoba 1986. Katika kifungu chake cha 177 Marekani ilikubali kwamba inawajibika kuwafidia raia wa Marshall kwa madhara ya majaribio yale. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini papo hapo ikawekwa dola milioni 150 katika mfuko mmoja, ikitarajiwa kuwa faida yake ingetoa dola milioni 270 kwa miaka 15. Na kwa kuupokea mfuko huo, madai yote ya zamani, ya sasa na ya baadaye yalihesabiwa kuwa yamemalizika. Kesi zilizokuwa mahakamani Marekani zikafutwa.

Baada ya hayo ndipo ikaundwa Mahakama ya Madai ya Nyuklia, ili ichunguze nani aliumia na kwa kiasi gani. Tazameni mpangilio huo, ndugu zangu. Fungu lilipangwa kwanza, hesabu ya hasara ikafuata. Na ukweli wenyewe ulichelewa zaidi, kwa maana ni katika miaka ya 1990 ndipo Marekani ilipofungua nyaraka nyingi za siri, zikionyesha kwamba vumbi la mionzi lilifika mbali kuliko wenyeji walivyokuwa wameambiwa walipokuwa wakiweka sahihi.

MAHAKAMA ISIYO NA KITU

Mahakama hiyo ilifanya kazi yake kwa uadilifu. Kwa kuwa mgonjwa maskini hawezi kuthibitisha kwamba saratani yake ilitokana na bomu fulani, iliweka orodha ya magonjwa, ikaamua kwamba aliyeishi visiwani miaka ya majaribio na akapatwa na mojawapo ya magonjwa hayo alipwe. Mfano wake ulichukuliwa kutoka sheria ambayo Marekani iliitunga mwaka 1990 kwa ajili ya raia wake yenyewe waliopatwa na vumbi la majaribio ya Nevada. Zaidi ya watu 2,000 walikubaliwa madai yao. Lakini fedha hazikutosha, ikabidi walipwe kidogo kidogo, na wengi wakafa kabla ya kukamilishiwa.

Kuhusu ardhi, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi Machi 2001 mahakama iliamua kwamba watu wa Bikini wanastahili dola milioni 563: kiasi cha milioni 278 kwa kukosa kuitumia ardhi yao, milioni 251 kwa kuisafisha, na milioni 33 kwa mateso ya kuhamishwahamishwa. Walicholipwa ni dola milioni 2 na kitu, yaani chini ya senti moja kwa kila dola waliyoamuliwa. Mwaka 2007 watu wa Rongelap waliamuliwa zaidi ya dola bilioni moja, wakati mfuko ulikuwa karibu mtupu. Kwa jumla hukumu zote zilipita dola bilioni 2.

Mwaka 2000 serikali ya Marshall ililiomba Bunge la Marekani lifikirie upya, kwa kuwa mkataba wenyewe uliruhusu ombi la namna hiyo ikiwa mambo mapya yatajulikana. Dick Thornburgh, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, aliombwa na serikali ya Marshall kuichunguza mahakama ile, na mwaka 2003 akatoa taarifa kwamba utaratibu wake ulikuwa wa haki na kwamba fedha ilizopewa hazikutosha kabisa. Hata hivyo, serikali ya Marekani ilijibu kwamba haioni msingi wa kisheria wa kulipa zaidi. Mwezi Aprili 2010 Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya watu wa Bikini.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu bila kusikiliza upande wa pili. Marekani inasema kwamba mkataba ni mkataba, kwamba wananchi wa Marshall waliupigia kura wenyewe mwaka 1983, na kwamba yenyewe imetumia mamia ya mamilioni ya dola katika tiba, usafishaji na makazi. Hoja hizo zina uzito wake. Lakini sheria ile ya raia wake yenyewe ililipa zaidi ya dola bilioni 2.6 kabla ya kufikia ukomo wake mwaka 2024, na mwaka 2025 ikafufuliwa na kuongezewa viwango. Mabomu yaliyolipuliwa hewani Nevada nguvu yake kwa jumla ilikuwa kama sehemu moja ya mia ya yale ya Marshall. Aidha, mwaka 2022 askari wa Marekani waliotumwa kusafisha Enewetak kati ya 1977 na 1980 walitambuliwa kisheria kuwa walifikiwa na mionzi. Hao walistahili, tena walichelewa kupewa. Je, vumbi lililomdhuru askari aliyekaa Enewetak kwa miezi michache halikumdhuru mwenyeji wake?

Na tuseme ukweli wote. Fedha peke yake haiponyi. Mwaka 2017 usimamizi wa Marekani juu ya mfuko wa watu wa Bikini, uliokuwa na takriban dola milioni 59, uliondolewa. Na katika miaka michache, mikononi mwa viongozi wao wenyewe, karibu zote zikawa zimekwisha. Wazee waliokuwa wakipata msaada kutoka humo wakabaki mikono mitupu. Uwajibikaji unadaiwa kwa mkubwa, na unadaiwa pia kwa mdogo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mwaka 2024 Marekani ilipitisha mkataba mpya wenye dola bilioni 2.3 kwa Visiwa vya Marshall kwa miaka 20. Sehemu yake inaweza kuwasaidia walioathirika, lakini Marekani haikukubali kuiita fidia ya nyuklia. Huenda mtu akauliza: kama fedha imetoka, jina lina maana gani? Ndugu zangu, lina maana kubwa. Msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na anayeupokea hushukuru. Fidia ni deni. Anayeipokea hana sababu ya kushukuru, na anayeitoa amekiri kosa. Watu wa Marshall wamepewa misaada mingi. Wanachokitafuta kwa zaidi ya miaka 70 ni kuambiwa kwamba walidhulumiwa, na kwamba hesabu ya hasara yao, iliyopigwa na mahakama iliyokubaliwa na pande zote mbili, itaheshimiwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, uliopitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika mwaka 2021, unazitaka nchi wanachama kuwasaidia waathirika na kuisafisha ardhi iliyochafuliwa. Kiti Kitakatifu kilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuridhia. Marekani haikujiunga, na kwa hiyo kwa watu wa Bikini mlango huo bado haujafunguka.

Tunapojiandaa kuungama tunafundishwa kwamba anayetubu wizi hana budi kurudisha alichochukua. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani kwake, hakuanza kwa kuuliza mkoba wake una kiasi gani. Aliwakumbuka wale aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia mara nne. Nasi katika familia zetu, katika mipaka ya mashamba yetu, katika mirathi ya wajane na yatima, mara ngapi tumekwenda kusuluhisha huku fungu tumeshalifunga mfukoni, tukitaka tu aliyeumizwa atie dole gumba ili shauri liishe? Kwanza ukweli usemwe, kisha hesabu ipigwe, ndipo malipo yafuate. Tukigeuza mpangilio huo, tunakuwa tumenunua kimya chake.

Kila tarehe 1 Machi watu wa Marshall huwakumbuka waathirika wao. Na bendera ya watu wa Bikini, hadi leo, imeandikwa maneno yale ya Juda kwamba yote yamo mikononi mwa Mungu. Waliyaamini walipokuwa wakidanganywa, na hawakuyaacha baada ya kugundua kwamba walidanganywa. Tarehe hiyo itakapofika, tuwakumbuke katika sala zetu.

Nawatakieni juma jema.